Mashine ya Mtu Mmoja

Tulimzika Wanjiru Jumamosi, na Jumatatu nilikuwa kazini kama kawaida, nikiwavalisha soksi wazee wa Vällingby, hapa Uswidi, ambao hawakujua kwamba nimefiwa. Sikuwaambia. Mtu wa miaka tisini ana wafu wake wa kutosha, na mimi sikuwa na nguvu ya kueleza Wanjiru alikuwa nani kwangu, maana hakuwa ndugu, na neno rafiki ni dogo. Kwenye ukumbi wa kanisa, baada ya mazishi, Wakenya walileta pilau na chapati, sisi Wakongo tukaleta sombe ya majani ya muhogo na samaki, na kahawa ikawekwa kwenye chupa kubwa karibu na mlango. Nilikaa kwenye kona kwa sababu ya magoti. Njeri, bintiye, akaja na sahani yake, akakaa karibu yangu, akaniuliza kwa Kiswidi: “Shangazi, mama alifanya kazi gani kabla ya ile ya jikoni shuleni? Kwenye wasifu tumeandika tu kwamba alifanya kazi mbalimbali.” Nikamjibu kwa Kiswahili, maana ndivyo tunavyozungumza na watoto wetu wote hapa, kila mmoja na upande wake. Nikamwambia: “Alikuwa anawapandia paa sukuma wiki.” Njeri akacheka kidogo, kwa adabu, akidhani nimefanya mzaha wa kumfariji. Watu walikuwa wanakunja viti na kelele ilikuwa nyingi. Nikaacha acheke.

Lakini haukuwa mzaha. Mwaka niliokutana naye nilikuwa bado kijana, nina karatasi za kukaa Uswidi na sina kingine. Nilipanga chumba kwa familia moja ya Kikongo kule Tensta, chumba chembamba chenye kitanda, kabati lisilofungika na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Mume wangu na binti yetu Rehema walikuwa Bujumbura, kwa shangazi yangu. Ili waje, sheria ilinitaka niwe na nyumba na kazi kamili, si ya vipande vipande. Ofisi ya kazi ikanitafutia nafasi kwa mzee mmoja aitwaye Lennart, mwenye msitu na mashamba karibu na ziwa, mwendo wa treni na basi kutoka mjini. Siku ya kwanza, kwenye kituo cha basi, theluji ya mwisho ikiwa bado imelala mitaroni, nilimkuta mwanamke mweusi amevaa buti za mpira, amesimama amejikunyata. Alinizidi umri, kwa hiyo nikamsalimu kwa heshima ya kwetu: “Jambo, yaya.” Akanigeukia kwa ukali. “Mimi si yaya wa mtu. Nimelea watoto wa wenyewe Nairobi miaka mingi, sijavuka bahari kuja kuitwa hivyo tena.” Nikaogopa. Nikamweleza kwamba kwetu Uvira yaya ni dada mkubwa. Akanitazama, halafu akasema, “Sawa basi. Lakini usiniite hivyo mbele ya Wakenya.” Huyo ndiye alikuwa Wanjiru. Alikuja Uswidi kwa ndoa, ndoa ikaisha, akabaki na mtoto mmoja na nyumba ndogo ya kupanga kule Fittja.

Kazi yenyewe sikuielewa kwa wiki nzima. Lennart alikuwa na vishamba vidogo vilivyofichwa katikati ya msitu, kimoja hapa, kingine kule, na hakuna hata kimoja kilichopandwa chakula cha binadamu. Waswidi wana jina lake, viltåker, yaani shamba la wanyama wa porini. Unapanda oti, klova ya malisho na aina ya sukuma wiki yenye shina nene, paa wanakuja kula, wanabaki karibu, na wakati wa kuwinda ukifika wawindaji wanajua pa kukaa. Nguruwe mwitu nao, wakishiba huko, wanaiacha ngano ya jirani. Wanjiru alinieleza haya tukiwa tumeegemea gari, akimalizia kwa kuonyesha gunia la mbegu: “Umeona hiyo picha? Sukuma wiki. Ya swara.” Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Nilikotoka tulikimbia vita, mihogo ikiwa bado ardhini, na sijui ni nani aliyeila. Siku ile nilitembea kwenye kile kishamba nikimwaga mbegu nzuri, mbolea nzuri, kwa ajili ya mnyama ambaye hajakimbia popote, na nilihisi uchovu ambao haukutoka miguuni.

Tulikuwa na mashine mbili kuukuu. Kila moja ilikuwa mfuko wa turubai unaoning'inia shingoni kwa mkanda, na chini yake sahani ya bati inayozungushwa kwa mpini wa mkono. Unatembea, unazungusha, mbegu inadondoka kwenye sahani na kurushwa mbele yako. Mmoja wetu alibeba mbegu, mwingine mbolea, tukienda sambamba kama watu wanaosindikizana. Mbolea ndiyo iliyokuwa mbaya. Ilivuta unyevu wa hewa, ikashikamana, ikawa kama chumvi iliyolowa, na ile sahani ikaliwa na kutu mpaka ikatoboka. Mpini ulikwama kila baada ya hatua chache. Wanjiru, kwa kuwa alinihurumia, alichukua mbolea mara nyingi kuliko mimi, na kufikia mwisho wa Mei bega lake la kulia lilikuwa limeharibika. Nilimwona akivaa sweta kwa kuingiza kwanza mkono huo, taratibu, kama mtu anayemvalisha mgonjwa. Nikimuuliza anasema, “Ni baridi tu.” Jua lilikuwa linawaka.

Mchana tulikula jikoni kwa Birgitta, mke wa Lennart. Nalikumbuka jiko lile kuliko vyumba vingi nilivyolala: meza ndefu ya mbao iliyosuguliwa mpaka ikawa nyeupe, saa ya ukutani yenye sauti, mbwa chini ya benchi, mapazia yenye maua madogo ya buluu. Viazi vya kuchemsha kila siku, samaki wa siki, mkate mkavu unaovunjika kwa kelele hata unaona aibu kuutafuna. Lennart hakusema mengi. Nyonga ilikuwa inamsumbua na alikaa akiwa ameegemea upande mmoja. Wanjiru ndiye aliyezungumza nao. Alijua Kiswidi cha ndoa, chenye ubishi ndani yake. Birgitta akisema viatu viachwe nje, Wanjiru anauliza mbona mbwa anaingia na vyake. Lennart alicheka kwa pua. Birgitta hakucheka.

Siku moja mwanzoni mwa Juni, mpini wa mashine ya Wanjiru ulikatika kabisa mkononi mwake. Akauleta jikoni, akauweka mezani kando ya bakuli la viazi. Lennart akaugeuzageuza. “Inatosha,” akasema. “Nanunua mpya. Lakini ninyi ndio mnaotumia. Kesho nitawashusha dukani, mkachague wenyewe.” Tulifurahi, hata mimi. Tulipomaliza kula tukatoka, na nilipofika kwenye gari nikakumbuka kwamba glavu zangu nimeziacha kwenye ujia wa kuingilia ndani. Nikarudi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo, na Kiswidi nilikuwa nakielewa kuliko nilivyoweza kukisema.

“Ukinunua ile ya kuvutwa na pikipiki ya magurudumu manne,” Birgitta alikuwa anasema, “mtu mmoja anatosha.”

“Mmoja yupi?”

“Huyu mdogo. Hana maneno. Yule mwingine anajibu.”

“Anajibu kwa sababu anajua Kiswidi,” Lennart akasema.

“Ndiyo hayo hayo ninayosema.”

Kijiko kikagonga kikombe. Nikachukua glavu, nikatoka kwa ncha za vidole. Hana maneno. Nilikuwa na maneno mengi mno, ila yote yalikuwa ya lugha ambayo meza ile haikuisikia.

Nilimwambia Wanjiru siku hiyo hiyo, kwenye basi la kurudi. Sikujua namna ya kulificha jambo kama hilo. Tulikaa kiti kimoja, na bega lake bovu lilikuwa limeegemea langu. “Yaya, niko na neno,” nikaanza, na nikamweleza lote, pamoja na sehemu ya nani abaki.

“Wamesema jina langu?”

“Wamesema yule anayejibu.”

“Basi ni mimi.” Akacheka mpaka mama mmoja wa mbele akageuka. Kisha akatazama nje, misonobari ikipita, mpaka tulipoachana kwenye stesheni, ambapo aliniambia tu, “Kesho vaa viatu vizuri. Tutajaribu hizo mashine kwenye udongo, si kwenye sakafu yao.”

Duka lilikuwa kando ya barabara kuu, kubwa kama ghala, linanuka mpira mpya na chakula cha mbwa. Lennart alibaki kwenye gari kwa ajili ya nyonga yake. Aliyetuhudumia alikuwa mwanamke mwenye mikono mipana na plasta kwenye kidole gumba, na alituonyesha aina tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kifuani, kama zile zetu, ila mpya, yenye mikanda minene ya kupita mabega yote mawili. Ya pili ilikuwa ya kusukuma, ina magurudumu mawili na mpini kama wa kigari cha mtoto. Ya tatu ilikuwa pipa kubwa jeusi la plastiki juu ya ekseli, la kufungwa nyuma ya pikipiki. Wanjiru aliuliza maswali ambayo sisi wawili tulikuwa tumeyalipia kwa miili yetu. Meno ya ndani ni ya chuma au plastiki? Yamefunikwa, au mbolea itaingia? Kile kimlango cha chini kinabana sawasawa? Mbegu ya klova ni ndogo kama mchanga. Kimlango kikilegea, unamwaga mfuko wote kabla hujafika kwenye shamba. Yule mwanamke alijibu vizuri, bila haraka. Akasema mbolea inakula chuma chochote, kwa hiyo mashine yoyote tutakayochukua tuioshe na kuikausha kila mara.

Mimi nilikuwa nimeiwekea tumaini langu ile ya kusukuma. Ilikuwa rahisi kwa bega, lakini bado ilihitaji mtu wa mbegu na mtu wa mbolea, na Lennart angenunua mbili. Niliisukuma kwenye lami ya nje, ikiwa na oti za gunia lililopasuka, na oti zikaruka mbele yangu kama upepeo uliofunguka, nzuri, sawia. Moyo wangu ukapanda. “Yaya, hii!” Wanjiru akaniashiria nyuma ya ghala, kulikokuwa na udongo laini uliomwagwa kwa ajili ya bustani. Nikaisukuma pale. Magurudumu yakazama. Na kwa kuwa sahani yake inazungushwa na magurudumu, magurudumu yalipokwama nayo ikasimama, na oti zikamwagika chini kwa fungu moja, mbele ya miguu yangu. Nikajaribu tena, kwa kusukuma na tumbo. Vile vile. Vishamba vyetu vilikuwa vinalimwa kwanza ndipo vipandwe, vikiwa laini hivyo hivyo na mawe juu yake. Sote tukaona.

Nikavaa ile ya kifuani. “Hii ni nyepesi,” nikasema.

“Ni nyepesi kwa sababu haina kitu ndani.”

“Tuichukue. Tuseme ndiyo tuliyoipenda. Mzee amesema tuchague sisi. Nani atajua?”

“Bega langu litajua.” Alisema bila hasira. “Neema, siwezi kuchana nywele za mtoto. Njeri anajichana mwenyewe, anaenda shule kama amelala kichakani. Unataka nivae hiyo kitu kiangazi kizima ili Birgitta asipate anachotaka?”

Yule mwanamke wa duka alikuwa ametupa mgongo, akijifanya kupanga mikebe ya rangi. Wanjiru akaliendea lile pipa jeusi, akafungua na kufunga kimlango chake, akachungulia meno yake, akainua ncha ya ekseli kwa mkono wa kushoto. Kisha akamwambia kwa Kiswidi safi: “Tunachukua hii.” Lennart alipoingia akichechemea, akalitazama pipa, akamtazama Wanjiru, na nikajua kwamba naye alielewa anachonunua.

Usiku nililala kidogo, na kwenye basi la asubuhi nilifanya mazoezi ya sentensi moja ya Kiswidi mpaka ikaniuma ulimi. Mchana, viazi vilipokwisha na kahawa ikamiminwa, nikaisema. “Sisi wawili. Yeye nusu, mimi nusu.” Ilikuwa mara ya kwanza nafungua mdomo kwenye meza ile bila kuulizwa. Birgitta akabaki ameshika birika hewani. Lennart akafikiri, akasema, “Inawezekana, kwa nini isiwezekane,” na kwa dakika moja nilijiona mtu mkubwa.

“Hapana,” akasema Wanjiru. Kisha akanigeukia na kuzungumza Kiswahili, mbele yao, polepole. “Wewe una mtoto Bujumbura. Nusu ya kazi haimleti mtu hapa. Mimi nimepita ofisi zile, nawajua. Wanataka kazi kamili, wakiona nusu wanakuandikia hapana, na ukikata rufaa mtoto anakua.” Machozi yakanijia. Akaliona hilo, akakunja uso. “Na usinifanye mtakatifu. Nimechoka, sikia? Nimechoka na hii kazi, na hivi viazi. Ningeondoka hata kama wangeleta ndege ya kumwaga hizo mbegu.” Akawatazama wenyeji wetu, akawaambia kwa lugha yao, “Achukue yote.”

Nimelifikiria neno lile kwa miaka mingi, nikikunja mashuka, nikisubiri treni. Sijui kama ni kweli angeondoka. Najua kwamba hakuwa na kazi nyingine ya kwendea. Zamani nilitaka nijue kwa uhakika, ili nipime ukubwa wa deni. Sasa nadhani yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja, kwamba alichoka na kwamba alinipa, na mtu mzima anaweza kufanya mambo mawili kwa mkono mmoja, hasa akiwa amebakiwa na mmoja. Mwisho wa mwezi Birgitta alimpa ua kwenye chungu, limefungwa karatasi ya kung'aa. Wanjiru akashukuru vizuri. Tulipofika kituoni akaliweka kwenye benchi, na basi lilipokuja akapanda bila kuligusa.

Nikabaki na pipa. Nilijifunza kuendesha ile pikipiki, nikajifunza pia kwamba mashine ya kuvutwa haisamehe, maana kosa lake linakwenda kwa kasi. Shamba la kwanza nilifungua kimlango kupita kiasi. Sukuma wiki ikaota kwa msongamano mlangoni mwa shamba, kama watu kwenye foleni, na upande wa pili udongo ukabaki uchi. Lennart alisimama akaangalia, akasema, “Paa hawalalamiki.” Shamba la pili nikatandaza turubai, nikapita juu yake kwanza, nikaona mbegu zinavyoangukia, nikarekebisha. Tangu hapo ikaenda sawa. Kazi iliyotuchukua sisi wawili asubuhi nzima niliimaliza kabla ya kahawa, na muda uliobaki nilipasua kuni, nilipaka boti rangi, nilimpeleka mbwa matembezi. Hakuna aliyenijibu kwa lugha yoyote. Jikoni, Birgitta alinizoea, akaanza kunifundisha majina ya vitu, na mimi nilipoyajua vya kutosha nikaanza kujibu. Hakunifukuza. Alikuwa amebaki na mmoja tu.

Nilimpigia Wanjiru simu majira yote ya joto. Iliita mpaka ikakatika. Septemba nilimwona paa wa kwanza akila kwenye safu zangu, jike, masikio yakizunguka, jua likimpitia nywele za mgongoni. Nilikaa juu ya pikipiki iliyozimwa nikimtazama. Nilijua wanaume watakaa wapi na bunduki zao, maana mimi ndiye niliyekata matawi ili waone. Nilitaka kumwambia mtu. Nikatoa simu, nikaipiga ile namba, ikaita.

Novemba, wawindaji walipomaliza, Lennart alinipa mguu mzima wa nyama kwenye mfuko. Sikuupeleka Tensta. Nilipanda treni ya njia nyekundu mpaka Fittja, nikauliza watu, nikapanda ngazi, nikagonga. Wanjiru akafungua, akatazama mfuko unaodondosha damu kidogo.

“Nani amekufa?”

“Mmoja wa wale wa sukuma wiki.”

Akanitazama, bado ameshika kitasa. Kisha akasema, “Ingia, unamwaga damu kwenye ngazi za watu.” Tuliikata vipande vidogo, tukaipika kwa vitunguu na nyanya mpaka madirisha yakafanya ukungu, na yeye akasonga ugali kwa mkono wa kushoto, sufuria nikimshikia mimi. Alikuwa amepata kazi jikoni kwenye shule, ya kukata mboga na kuosha vyombo. Njeri, aliyekuwa mdogo wa kutosha kukaa juu ya mto ili aifikie meza, akauliza kwa Kiswidi kama huyu paa alikuwa na watoto. “Kula,” akasema mama yake. Tulipobaki wawili nikamuuliza kwa nini hakushika simu.

“Nilikuwa na hasira.”

“Na mimi?”

“Na wao. Na wewe kidogo.” Akafuta meza, mahali palipokuwa pamekwisha kuwa safi. “Nilikuwa naiangalia ikilia. Ungeniuliza kama niko sawa, na ningelazimika kukwambia niko sawa. Sikuwa na nguvu hiyo.” Akanisukumia bakuli la mchuzi. “Malizia. Huyu mnyama ametugharimu.”

Mwishoni mwa mwaka nilipata nyumba ndogo ya kupanga, na jibu la ofisi likaja baada ya Krismasi: mume wangu na Rehema waje. Mwezi wa tatu, theluji ikianza kulainika, nilikwenda uwanja wa ndege asubuhi. Sikumwomba Wanjiru anisindikize, lakini nilimkuta pale, amesimama karibu na mlango wa wanaotoka, mkononi ana koti la mtoto, la Njeri, limefuliwa na kupigwa pasi. “Watoto wa Bujumbura hawajui baridi,” akasema, basi. Tukasimama bega kwa bega, wanawake wawili waliovaa majaketi makubwa na vitambaa kichwani, na watu wakawa wanatoka, wanatoka, wanakumbatiana, wanakwenda. Nilikuwa nimemwacha Rehema akiwa bado ananyonya. Alikuwa ananijua kwa sauti ya simu na kwa picha moja, ambayo ndani yake nilikuwa mnene na ninacheka.

Walitoka. Mume wangu alikuwa amekonda, amebeba begi begani, na aliponiona akalishusha chini. Akainama, akamwambia mtoto kitu sikioni. Nilisoma midomo yake: mama yule pale, kimbia. Rehema akatutazama sisi wawili, mmoja mmoja. Kisha akakimbia, viatu vikigonga sakafu, mikono mbele, akapita mbele yangu karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya mafuta ya nywele zake, akayakumbatia magoti ya Wanjiru.

Sikuweza kusogea. Wanjiru akashusha macho, akamtazama yule mtoto aliyemng'ang'ania, na usoni mwake kikapita kitu ambacho sijawahi kumweleza mtu, hata Njeri. Akapiga magoti, akamvisha koti, mkono mmoja, mkono mwingine, akamfunga vifungo vyote mpaka juu. Ndipo akamshika mabegani, akamgeuza taratibu kuelekea kwangu.

“Mama ni yule,” akamwambia.

Nikafungua mikono. Akaja, lakini alikuja akitembea, huku akigeuka nyuma kumtazama Wanjiru, kuhakikisha kama ni kweli.